Aliyeuleta Mdungusi Kwemshai

1

Nilifika Kwemshai asubuhi, ukungu wa mnara ukiwa bado umetanda, na jambo la kwanza nililolifanya ni kuteleza na kukaa kitako matopeni mbele ya mwenyeji wangu. Mwenyeji mwenyewe aliitwa Kihiyo, fundi wa mnara, mtu mfupi wa makamo mwenye kofia ya sufu na vidole vilivyojaa grisi. Hakucheka papo hapo. Alinishika mkono akanisimamisha, akalipokea begi langu, akaliweka juu ya jiwe kavu na kuhakikisha limetulia. Ndipo akacheka.

"Karibu, dada Hilaria. Wageni wengine huinama kidogo tu. Wewe umezidisha heshima."

"Cheka tu," nikamwambia. "Ndani ya hilo begi mna saa. Kama imevunjika tutacheka wote wawili mbele ya Mamlaka."

Akaacha kucheka, akalibeba begi kifuani mpaka nyumbani kwake kama anavyobebwa mtoto mchanga.

Mimi ni msomaji. Kwa miaka kumi na tisa nimezunguka milima hii na saa ya nasaba, chombo cha ukubwa wa hotpoti ya wali, nikiiuliza mimea swali moja tu: ulifika lini? Watu husikia hivyo wakadhani ni kazi ya starehe, kutwa unachuma majani. Lakini tangu mawingu ya bahari yalipoacha kupanda mpaka huku juu, misitu ya safu yetu yote inaishi kwa ukungu wa kutengenezwa, na minara ya ukungu iko saba tu. Mkataba wa Wenyeji unasema ukungu ni haki ya mimea iliyofika yenyewe, kwa upepo, kwa maji, kwa mnyama, au kwa ardhi kupasuka na kuachana. Mmea ulioletwa kwa mkono wa mtu hauna fungu. Msomaji husoma, hujaza Fomu ya Ujio, na Mamlaka ya Ukungu huuacha mnara mahali pake au huuhamisha. Nimewahi kuondoka kijijini nikisindikizwa kwa ngoma, na nimewahi kuondoka nikifuatwa na mawe.

Kwemshai walikuwa na mnara miaka thelathini na mmoja, na waliupata kwa ajili ya mmea wa aina moja tu. Kihiyo alinipeleka kuuona kabla hata sijabadili sketi. Tulipita nyuma ya nyumba, tukateremka mpaka kwenye chanzo cha kijito, na pale juu ya miti mirefu ilikuwepo mamia kwa mamia, midungusi isiyo na mwiba hata mmoja, imening'inia kama tambi za kijani zilizoanikwa. Kila uzi ulikuwa na vitunda vyeupe vidogo, na kila uzi ulikuwa ukidondosha maji. Ukungu wa mnara ulipita katikati yake, ukanasa, ukageuka matone, na matone yakaanguka kwenye bonde la mawe ambamo kijito kilianzia.

"Kaya arobaini na tatu," Kihiyo alisema. "Wote tunakunywa hapa. Bomba la bonde halifiki."

"Najua. Nimesoma faili."

"Faili halina kiu, dada."

Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa na jambo ambalo faili hilo halikuwa nalo. Wiki iliyotangulia nilikuwa Kizangaa, kilele kisicho na watu, safari ya siku mbili kutoka hapo. Wapima ardhi walikuwa wamegundua midungusi ya namna hiyohiyo huko, nami nikatumwa kuisoma. Niliikuta kumi na mmoja. Mmoja ulikuwa umekauka nusu, na mwingine niliposhika tawi lake lilikatika mkononi kama tambi mbichi, kavu kabisa. Kizangaa haikuwa na mnara. Mamlaka walikuwa wameniagiza waziwazi: kama ya Kwemshai na ya Kizangaa yote imefika yenyewe, mnara utabaki Kwemshai kwa sababu uko tayari pale. Kama ya Kwemshai imeletwa, mnara utahama.

Nilimweleza Kihiyo palepale kando ya maji. Sipendi kumwekea mtu siri inayomhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaivua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi hakuna neno," akasema. "Ya kwetu ni ya tangu na tangu. Kila mtu anajua."

Na mimi nilijua hivyohivyo. Nilimwambia kesho kutwa nitakuwa njiani kurudi.

2

Saa hufanya kazi hivi. Unakata kipande cha mmea, unakisaga, unakitia kwenye kikombe chake na kufunga kifuniko. Ndani ya kila chembe hai kuna maandishi ya urithi, na maandishi hayo hunakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi kwa makosa madogo madogo, kama daftari linalonakiliwa na mwanafunzi mwenye usingizi. Ndugu wawili wakiachana, kila mmoja huanza kukusanya makosa yake mwenyewe. Saa huyahesabu, inayalinganisha na ya jamaa waliokwisha kusomwa ng'ambo, kisha inakupa miaka tangu walipoachana. Huchukua dakika arobaini na hunguruma kama friji.

Wakati ikinguruma, mimi na Kihiyo tulikaa barazani tukinywa chai ya tangawizi na kula mihogo. Akaniuliza swali ambalo kila mtu huniuliza: mmea ambao ukoo wake wote uko Amerika umefikaje kwenye mlima wa Usambara?

"Si inasemwa nchi zilikuwa moja?" akasema. "Zikapasuka, kila moja ikaondoka na vyake."

"Nami nilidhani hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Ipo mimea ambayo habari yake inakaribia kuwa hiyo. Lakini Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana miaka kama milioni mia moja iliyopita, na ukoo mzima wa midungusi haujafika hata nusu ya umri huo. Utapandaje basi lililoondoka kabla hujazaliwa?"

"Basi ni bahari."

"Bahari, au juu ya bahari. Lile tunda jeupe ukilibonyeza linatoa ute unaonata kama gundi. Ndege akimaliza kula anajipangusa mdomo kwenye tawi, mbegu inabaki hapo. Sasa mfikirie mmoja aliyechukuliwa na dhoruba kabla hajajipangusa. Inatosha mara moja tu. Ile ya Kizangaa iliachana na jamaa zake wa Brazili miaka milioni mbili na laki saba iliyopita. Wakati huo hapakuwa na mtu wa kuvusha kitu Atlantiki. Kwa hiyo nadhani ni ndege. Lakini nadhani tu. Saa husema lini, haisemi nani."

Kihiyo alitikisa kichwa taratibu, akafurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyesikia kwamba jirani yake wa siku zote ana asili kubwa.

Saa ikalia. Nilifungua kifuniko cha kioo nikasoma: miaka mia mbili na kumi, ikizidi au ikipungua ishirini.

Jambo la kwanza nililolifikiria ni matope ya asubuhi. Nilisema saa imeumia nilipoanguka. Nikaweka kipande kikavu cha Kizangaa nilichokuwa nacho kwenye bahasha, tukasubiri dakika arobaini nyingine, na saa ikarudia milioni mbili na laki saba bila kukosea. Haikuwa imeumia. Nikachukua kipande cha mdungusi mwingine wa pale, kutoka mti ulio mbali na wa kwanza. Mia mbili na kumi. Nikachukua cha tatu. Chai ilikuwa imepoa na jua limeanza kwenda upande wa pili wa mlima.

"Mia mbili si kitu?" Kihiyo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Miaka mia mbili iliyopita meli zilikuwepo."

Nilimwonyesha fomu, kwa sababu aliomba kuiona. Sehemu ya mwisho huitwa Mbebaji, nayo ina visanduku sita: Upepo, Maji, Mnyama, Ardhi, Mkono, Haijulikani. Kihiyo aliweka kidole chenye grisi juu ya kile cha tatu.

"Mtu naye ni mnyama, dada. Hata shuleni tulifundishwa."

"Ukimkuta aliyeandika Mkataba, mwambie hivyo. Mimi nitakushikia kofia."

Akacheka kidogo, kisha kidole chake kikashuka mpaka cha sita. Akauliza hicho kina maana gani. Sikutaka kumwambia, lakini nilimwambia. Kama miaka ni michache na hakuna ushahidi wowote wa nani aliuleta mmea, msomaji huapa kwamba hakuona wala kusikia habari za mbebaji, huweka alama kwenye Haijulikani, na mnara hubaki pale ulipo kwa miaka kumi zaidi.

"Na wewe umesikia habari za mbebaji?"

"Sijasikia."

"Basi usisikie," Kihiyo alisema. Hakuwa akitania tena. "Nakuomba. Lala, amka, jaza hicho cha sita, nenda zako. Mimi binti yangu ana mimba ya miezi saba, na kijito ndicho hicho hicho kimoja."

Nilikubali. Nasema wazi kwamba nilikubali, na niliona nafuu kubwa moyoni. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekwisha funga begi.

3

Kilichoniharibia ni adabu yangu. Nilipita kumuaga Bi Tunu Shemweta, kiongozi wa wanawake wa kijito, kwa kuwa ukiondoka Kwemshai bila kumuaga Bi Tunu utasemwa miaka mitatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sabini na ushei, mwenye desturi ya kufumba jicho moja anaposikiliza.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja saa nzuri. Leo tunampandisha Asnati."

Asnati alikuwa bibi harusi wa wiki tatu, aliyeolewa kutoka upande wa Lushoto. Kwemshai kila mwanamke anayeanza kaya hupewa tawi la mdungusi na mwanamke mwingine, akaliweka kwenye mti mmojawapo juu ya chanzo, ili naye awe anachangia matone. Huliita mbegu, ingawa ni tawi. Nilidhani itakuwa ni vigelegele na pilau. Niliketi pamoja na wanawake kama ishirini, nikapewa kikombe.

Asnati alipanda ngazi, akaliingiza tawi kwenye panda la mti na kulifunga kwa ukili. Kisha, akiwa bado juu, akasema kwa sauti kama mwanafunzi anayejua somo lake:

"Mbegu hii nimepewa na Bi Tunu Shemweta. Bi Tunu alipewa na Agripina Hoza. Agripina alipewa na mama mkwe wake, Yustina. Yustina alipewa na Salimini wa bustani ya bondeni. Salimini alipewa na mjomba wake, Guga, aliyefagia nyumba ya vioo. Guga alipewa na Bwana Miwani. Bwana Miwani alipewa na watu wa Brazili, na majina yao hakuyauliza."

"Hakuyauliza," wanawake wakaitikia, wakitikisa vichwa kwa kumhurumia mtu asiye na malezi.

Kikombe changu kilikuwa mkononi na sikukinywa. Miaka kumi na tisa nimewatafuta wabebaji kwenye vitabu vya bandari na karatasi zilizoliwa na mchwa, na sijawahi kumpata hata mmoja kamili. Hapa mnyororo wote ulikuwa kinywani mwa bibi harusi, na miaka yake, ukiihesabu kwa vizazi, ilikuwa mia mbili na kidogo.

Wanawake walipotawanyika nilibaki na Bi Tunu kwenye mawe. Nilimuuliza kama kabla ya Agripina hapakuwa na midungusi Kwemshai.

"Ilikuwepo. Ya bibi zetu. Hiyo haikuwa na majina, ilikutwa. Mwaka wa ukame mkuu ikakauka yote. Mimi nilikuwa mwali, nimeolewa mwaka huohuo. Tuliinyweshea maji tuliyobeba kichwani na bado ikakauka. Basi nikateremka mpaka bustani ya zamani bondeni, alikopandia Bwana Miwani mimea yake ya ng'ambo. Agripina alikuwa akilinda pale, akauangalia mguu wangu ulivyovimba, akanipa matawi sita. Nilimuuliza kama ni ileile. Akasema ni ileile. Na mimi nikiitazama, ni ileile, mwanangu. Wewe unaona tofauti?"

"Kwa macho, hapana."

"Tulipoomba mnara, kabla ya hizi saa zenu, tuliulizwa kama mmea ni wa hapa. Tukasema ni wa hapa. Hakuna aliyetuuliza tumepewa na nani."

Nilimwamini, na bado namwamini. Kwao mbegu iliyokufa na mbegu uliyoomba ukapanda mahali pake ni kitu kimoja kilichoendelea, alimradi umtaje aliyekupa. Hawakumdanganya mtu. Nilimweleza basi habari yote: saa, miaka, kisanduku cha sita. Nikamwambia hata Asnati hana haja ya kubadili kitu, ila kwa miaka kumi wasiyaseme majina mbele ya wageni, na wakiulizwa waseme hawajui.

Bi Tunu alifumba jicho lake.

"Unataka nimuibie Agripina?"

"Agripina amekufa, mama."

"Ndiyo maana. Aliye hai angejitetea." Akayatazama maji. "Hapa mwanamke akificha jina la aliyempa mbegu, hapewi tena. Hata jirani hampi. Ana chake alichokiokota, basi aende nacho. Leo nikawaambie hawa watoto kwamba hatujui?"

"Ni kwa ajili ya maji yao."

"Hilo nimelisikia. Na hiyo ya Kizangaa unayoisema, iko mingapi?"

Nilitamani angeniuliza kitu kingine chochote. "Kumi na mmoja. Labda sasa kumi."

"Ni ya kukutwa?"

"Ndiyo. Kama ile ya bibi zenu. Hakuna nyingine safu hii yote."

Aliponyanyuka alishika bega langu kwa uzito wake wote, kwa kuwa magoti yalimsumbua.

"Mimi sikuamrishi, mwanangu. Nina wajukuu tisa wanaokunywa hapa na sina ulimi wa kusema wakauke. Lakini mdomo wangu nao siwezi kuufunga. Akija mtu akiniuliza nitamtajia wote saba. Wewe kalamu ni yako."

4

Nilikaa Kwemshai siku tatu zaidi. Fomu nilikuwa nimeilaza kwenye meza ya Kihiyo, chini ya sahani, nami nikawa nazunguka msituni nikijidai nahesabu miti.

Nilijaribu kujishawishi kila upande. Nilisema mimea kumi na mmoja haiwezi kulinganishwa na kaya arobaini na tatu, na hilo bado naliona ni kweli. Nilisema watu wanaweza kuletewa maji kwa lori na mdungusi wa Kizangaa hauwezi kuletewa chochote, na hilo nalo ni kweli. Nikasema Mkataba wenyewe ni wa kijinga, unamheshimu ndege aliyepotea njia na kumdharau mwanamke aliyetembea na mguu uliovimba akijua anachokwenda kutafuta. Hili nililiamini kuliko yote. Lakini Mkataba wa kijinga haukunipa ruhusa ya kuapa kwamba sikusikia. Nilikuwa nimesikia. Niliwasikia wabebaji saba, na niliombwa niandike kwamba hawapo.

Siku ya tatu niliweka alama kwenye Mkono. Chini yake kuna mstari mfupi wa maelezo ambao wasomaji huacha wazi. Niliandika majina yote kwa mpangilio wake, nikaishiwa nafasi, nikageuza karatasi.

Sikutaka waje kulisikia kutoka kwa karani. Niliwaomba wakusanyike kwenye kijito, nikawasomea fomu kama ilivyo, kisha nikaeleza mnara utaondolewa baada ya siku tisini. Hakuna aliyepiga kelele, na ningependa wangepiga. Mama mmoja aliyekuwa ameniazima ndoo alikuja akaichukua miguuni pangu, ikiwa na maji yangu ya kuoga, akayamwaga polepole kijitoni na kuondoka nayo. Asnati alikuwa analia. Kihiyo alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alinijulia wapi.

Bi Tunu ndiye pekee aliyenisogelea.

"Umeandika wote saba?"

"Wote."

"Na Yustina? Yeye watu humsahau."

"Na Yustina."

Akaitikia kwa kichwa, akaelekea kwake. Begi langu nililibeba mwenyewe mpaka barabarani, na sikuteleza, ingawa siku hiyo nisingejali.

5

Mnara uliinuliwa Kizangaa mwezi wa nane. Kihiyo ndiye aliyeufungua nati kwa nati Kwemshai na ndiye aliyeufunga huku, kwa kuwa safu nzima haina fundi mwingine anayeujua. Mamlaka walinipanga hukohuko nifuatilie midungusi. Tukawa tunaishi kwenye mahema mawili yanayotazamana na hatusemezani ila kwa kazi. "Presha?" "Kumi na mbili." "Haya." Miezi mitano ya mazungumzo ya namna hiyo.

Midungusi ilikuwa imebaki tisa. Ukungu ulipoanza ilichukua wiki sita bila dalili, kisha mmoja ukatoa kichipukizi kipya, laini, rangi ya tufaha bichi. Nililia. Nilitamani kumwita mtu aone, na aliyekuwepo alikuwa Kihiyo tu. Alikuja, akaangalia, akasema, "Mzuri," akarudi kwenye mashine yake.

Habari za Kwemshai nilizipata kwa madereva. Lori la maji lilikuwa likifika Jumatano, pengine Alhamisi, pengine halifiki. Binti wa Kihiyo alijifungulia mjini kwa shangazi yake na hakurudi. Kaya arobaini na tatu zilikuwa zimebaki kumi na tisa. Niliandika barua nne kwa Mamlaka kuomba bomba, nikajibiwa mara moja, kwa adabu.

Bi Tunu alikuja mchana mmoja wa mwezi wa kwanza. Alikuwa amepanda lori la mahindi siku ya kwanza, na siku ya pili alipanda mlima kwa miguu yake, akiwa na fimbo na kikapu kitupu. Kihiyo alimwona kwanza, akaacha spana ikaanguka, akakimbia kumpokea. Nilisimama mlangoni mwa hema nisijue kama nisogee au nibaki.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huyu hakupikii?"

"Hatusemezani, mama," Kihiyo alisema.

"Watu wawili mlimani na hamsemezani. Mna kazi."

Alikunywa maji, vikombe viwili, akiyaangalia kabla ya kuyanywa. Kisha akaomba aonyeshwe. Tulimpeleka taratibu, mmoja kila upande. Alisimama chini ya mdungusi wa kwanza, akanyoosha mkono, matone yakamwangukia kiganjani na kutiririka mpaka kwenye kiwiko. Alipita yote tisa. Kwenye ule wenye machipukizi alikaa zaidi.

"Ndiyo hii," alisema. "Ya bibi zetu. Na mimi sioni tofauti."

Aliporudi akaketi kwenye sanduku la vipuri, akaweka kikapu mapajani, akanikazia macho yote mawili.

"Wangu umekauka, mwanangu. Nimekuja kuomba."

Kihiyo baadaye alinieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyosema, maneno hayohayo, na kwamba anayeombwa haruhusiwi kuuliza umekauka kwa nini. Wakati ule sikujua. Sikuuliza kwa kuwa nilijua mimi ndiye niliyeukausha.

Nilimwambia ukweli. Hakuna tawi linaloruhusiwa kutoka Kizangaa. Likitoka tu, halihesabiwi tena miongoni mwa yaliyofika yenyewe, na msomaji aliyelikata hunyang'anywa saa na jina lake hufutwa kwenye orodha. Nikamwambia pia kwamba bila ukungu halitadumu.

"Nitalitundika barazani, nilimwagie maji ya kuoshea vyombo. Asnati naye amebaki, yeye na mumewe. Tutapokezana." Akavuta pumzi. "Sheria yako nimeielewa. Ya kwetu ni hii: nikilipanda nitalitaja jina lako, mbele ya wote waliobaki. Wapo watakaotema mate. Na akija mtu wa Mamlaka akaniuliza, nitamtajia vilevile. Sitakuficha. Kwa hiyo ukinipa, nipe ukijua hivyo."

Nilichukua kisu cha kazi. Nikapanda ngazi. Kihiyo alitugeuzia mgongo, akaanza kukaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tangu jana.

Nilikata tawi refu lenye machipukizi mawili, nikashuka, nikalilaza kikapuni juu ya kitambaa kilicholowa.

"Hilaria," Bi Tunu alisema, akilifunika. "Hilaria wa nani?"

"Hilaria Mbelwa," nikamwambia. "Litaje lote, mama, wasije wakamlaumu mwingine."